Mwanamke Aliyepita Mbele ya Kamera

Rehma binti Seif alikuwa amefikia umri wa kuitwa bibi na watoto wote wa mtaa wa Kaloleni, na bado hakuijua sura ya mama yake mzazi. Si kwamba hakuambiwa. Aliambiwa mengi: huyu alisema Naeema alikuwa mrefu, yule alisema alikuwa wa kadiri, huyu alisema alikuwa mweupe, yule akaapa kwamba alikuwa maji ya kunde. Kila aliyemkumbuka alimkumbuka kwa namna yake, na wote hao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Picha ilikuwa moja tu, ya siku ya arusi. Mvua kubwa ya mwaka fulani iliingia nyumbani, ikaingia na ndani ya sanduku, na karatasi ile ilipokauka, bwana arusi alibaki amesimama wima na tarabushi yake kichwani, na kando yake pakabaki doa jeupe lililovaa shela.

Naeema alifariki kwa homa Rehma akiwa hajaacha kunyonya. Mama wa kambo aliyemlea hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka kuliuliza. Rehma alipokaripiwa, unyusi wake wa kushoto ulipanda juu peke yake, mwingine ukabaki pale pale, akaonekana kama mtu anayejiandaa kubisha.

"Jeuri hiyo ya nyusi umeitoa wapi?" mama wa kambo alikuwa akiuliza, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Ni shangazi yake aliyemdokezea habari ya filamu, siku moja mikono yake ikiwa ndani ya unga.

"Mama yako alipigwa filamu," alisema. "Miaka michache baada ya Uhuru, maafisa wa uvuvi walikuja Dunga na kamera. Walitaka kuwafundisha watu njia mpya ya kukausha samaki kwa moshi. Mama yako alikuwa akinunua samaki huko na kuwauza hapa mtaani, kwa hiyo naye aliingia, yeye na rafiki yake Mjaluo, Amolo. Baba yako alikasirika, akamnunia hata watu wakajua."

"Alikasirikia nini?"

"Muulize mwenyewe."

Rehma hakumuuliza. Mzee Seif hakuwa mtu wa kuulizwa mambo, na alipofariki alikwenda na jibu lake.

Sasa, maktaba ya umma mjini Kisumu ilikuwa na desturi ya kuonyesha filamu bila malipo kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wake wa juu. Mapazia mazito yalishushwa, viti vya plastiki vikapangwa, na ukuta mweupe wa mbele ukageuka kuwa dirisha la kutazamia dunia. Rehma aliijua maktaba hiyo kwa upande wa chini tu, kwa kuwa kila asubuhi aliwapelekea wafanyakazi mahamri ya chai. Asubuhi moja alimkuta mkutubi, Bi. Nakhungu, amepanda juu ya stuli akibandika tangazo mlangoni, pini akiwa amezibana midomoni.

"Mama Rayyan, nishikie hapo chini. Linakwenda upande."

Rehma, aliyezoea kuitwa hivyo kwa jina la mwanawe, akaiweka chini ndoo yake ya mahamri, akashika. Alipokuwa ameshika, akasoma: *Filamu za Zamani za Ziwa Letu. Kiingilio ni bure.* Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: *Samaki wa Moshi Ufuoni Dunga.*

"Hii ya Dunga," alisema. "Hii ni ya lini?"

"Ya zamani sana. Hata rangi haina. Wenye hifadhi huko Nairobi wametuazima kwa Jumamosi hii tu, kisha inarudi kwao." Bi. Nakhungu akatazama chini. "Mbona unashikilia hilo tangazo kana kwamba ukuta utaanguka?"

Rehma akamweleza. Bi. Nakhungu akazitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akashuka polepole.

"Basi njoo mapema, ukae mbele kabisa."

"Nikae mbele nimtazame nani? Nitajuaje ni yupi?"

Bi. Nakhungu akarudi juu ya stuli yake. Lakini Rehma alikuwa amekwisha kumkumbuka mtu mmoja ambaye huenda bado alikuwa hai.

Kesho yake alikwenda Dunga. Alipita kati ya meza za samaki akiuliza, na wachuuzi wakamwelekeza hadi nyuma ya kibanda kimoja ambamo mwanamke kijana alikuwa akikaanga samaki wa ngege. Hapo, juu ya kigoda, alikaa bibi kizee mwembamba aliyeuinua uso wake kuelekea jua. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, mithili ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Shikamoo, Mama. Je, wewe ndiwe Amolo?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni watu wa mchango wa kanisa, Amolo alivuka ziwa kwenda Mbita jana."

"Mimi ni Rehma. Mtoto wa Naeema, wa Kaloleni."

Bibi yule aliushusha uso wake kutoka juani. Mafuta yaliendelea kuchemka karaini, na yule kijana aliyekuwa akikaanga, mjukuu wake, akageuka kutazama.

"Sema tena," alisema Amolo.

"Niseme nini?"

"Kitu chochote. Sema unauza nini, au tukana mtu."

"Nauza mahamri, Mama. Sina wa kumtukana."

Amolo akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sauti si yake. Sauti ni ya Seif. Pole sana, nyar Naeema, binti wa Naeema." Kisha akacheka, na alipomaliza kucheka alikuwa ameushika mkono wa Rehma, naye hakuuachia.

Rehma akamweleza habari ya filamu.

"Walitupiga picha siku nzima," alisema Amolo. "Jioni wakafunga vyombo vyao, wakasema, mama zetu, tutarudi kuwaonyesha. Mpaka leo nawangoja. Sasa wamerudi wakati macho yangu yamekwenda! Mimi naona mwanga tu, nyathina, mwanangu, mwanga na kivuli."

"Lakini ulimjua. Mimi nitakueleza ninachokiona, wewe uniambie ni nani."

"Ukieleza vizuri," alisema Amolo. "Usinieleze kama mtu anayeswali haraka-haraka."

Jumamosi ilipofika, Rehma alimchukua kwa tuktuk. Dereva, kijana mnene aliyeitwa Robinson, aliwafikisha hadi mlangoni, akamsaidia Amolo kushuka, kisha badala ya kuondoka akafunga tuktuk yake na kuanza kupanda ngazi mbele yao.

"Na wewe unakwenda wapi?" Rehma alimuuliza.

"Filamu, Mama. Jumamosi saa hii hata mteja akiwa mbunge atangoja."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Safu za mbele zilikaliwa na watoto waliokuja kwa ajili ya katuni ambayo ingefuata, nao walikuwa wakisukumana kwa viwiko. Bi. Nakhungu alisimama kando ya projekta, akawakumbusha wote kwamba mahali pale palikuwa maktaba na kwamba kimya kilikuwa ndiyo sheria ya kwanza. Taa zikazimwa.

Ziwa likajitokeza ukutani, jeusi na jeupe. Sauti ya mwanamume asiyeonekana ikaanza kueleza kwa Kiswahili cha redio ya zamani, kilichonyooka kana kwamba kilipigwa pasi, namna wavuvi walivyopata hasara samaki walipooza kabla ya kufika sokoni.

"Kuna mashua," Rehma alinong'ona. "Wanaume wanashusha samaki. Mmoja amevaa kofia ya afisa, anawaonyesha kitu kwa fimbo."

"Nini?"

"Tanuri. Tanuri la matofali, jipya."

"Wakhisi ndiye alijenga hiyo tanuri!" Amolo alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya ufuo. "Moshi wote ulikuwa unatokea mlangoni!"

Watoto wakaangua kicheko. Kutoka nyuma, Robinson akasema, "Mama, hii si mpira ya redio. Wacha kututangazia."

Rehma akageuka, akamtazama.

"Na usiniinulie nyusi hivyo!" Robinson akaongeza. " Mimi nimekukosea nini?"

Kicheko kikazidi. "Tafadhali," alisema Bi. Nakhungu gizani. "Tafadhalini sana."

Rehma alisikia uso ukimwaka. Alikuwa ameishi maisha yake yote bila kukemewa hadharani, na hakutaka kuanza sasa. Akauma ulimi, akaelekea mbele. Na papo hapo wanawake wakatokea ukutani.

Walikuwa wamelizunguka tanuri, kila mmoja amefungwa kichwani kitambaa cheupe ambacho bila shaka maafisa waliwagawia kwa ajili ya usafi. Lakini mmoja hakuvaa kitambaa hicho. Yeye alijitanda leso yenye mapambo ya korosho, imeshuka pande zote mbili za uso, imepita chini ya kidevu, na ncha yake imetupwa begani, kama wanawake wa Kaloleni wanavyojitanda hata leo wanapokwenda matangani. Rehma akasogea hadi ukingoni mwa kiti. Hakuhitaji kuuliza. Nani mwingine ufuoni Dunga angejitanda hivyo?

Alimtazama mwanamke yule kama mtu aliyefunga siku nzima anavyokunywa maji. Aliuona uso mwembamba, na macho makubwa yaliyoinama kila kamera ilipomkaribia. Aliuona mwanya kati ya meno ya juu, na vifundo vya mikono vilivyokuwa vyembamba kuliko kuni alizozishika. Aliona jinsi moshi ulipompata alivyofumba jicho moja na kulipangusa kwa kiwiko, kisha akaugeuza upande mwingine wa samaki kwa upole, kana kwamba samaki yule angeweza kuumia. Ana huzuni, Rehma aliwaza. Mama yangu alikuwa na huzuni, wala sikuambiwa.

Mara akapita mwanamke mwingine, wa kichwa wazi, nywele zake zimesukwa na kuachwa juani, amebeba mzigo wa kuni. Akasimama katikati kabisa, mgongo kwa kamera, akamziba mwenye leso.

*Ondoka wewe,* Rehma alisema moyoni. *Toka mbele, nimwone mama yangu.*

Yule wa kichwa wazi akachelewa pale, akifanya jambo fulani kwa mikono yake, akageuka kidogo, kisha akapita. Rehma hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa yakichungulia begani pake, yakiitafuta leso ya korosho. Muda si muda picha ikabadilika. Lori likaonekana likipakiwa vikapu, sauti ya redio ikalisifu taifa changa, na ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Taa ziliwashwa. Watoto walianza kupiga makofi kwa ajili ya katuni yao. Rehma alikuwa analia bila kuficha, machozi yakimshukia hadi kwenye mtandio.

"Mbona uliniacha gizani?" Amolo alilalamika. "Ulieleza tanuri, halafu ukanyamaza kama bubu."

"Nisamehe, Mama. Nimemwona. Hukuwa na haja ya kuniambia, nilimjua mwenyewe. Wengine wote walivaa vitambaa, yeye peke yake alijitanda leso."

"Leso gani?"

"Leso yake. Ya korosho. Alijitanda vizuri, kama tunavyojitanda sisi."

Amolo akalipapasa goti la Rehma, akalishika.

"Yawa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Rehma hakuwahi kuisikia kwake. "Nyathina, huyo ni mimi."

Rehma akamtazama bila kuelewa.

"Nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu," Amolo akaendelea. "Na sisi tukizika tunanyolewa. Kichwa yangu ilikuwa hivi, kama yai. Nikaja kazini siku hiyo kwa sababu moto wa tanuri mimi ndiye niliujua. Kufika, nakuta kamera! Wale maafisa walileta vitambaa vyeupe, lakini vilikuwa vidogo, vinafunika utosi tu, pembeni kote kipara kinaonekana. Nikaenda kujificha nyuma ya tanuri. Bwana wa kamera anapiga kelele, yuko wapi wa moto? Mimi nalia huko nyuma. Nilikuwa msichana bado. Nilimlilia mama, na nililia aibu, hata sikujua nalilia nini zaidi."

"Na mama yangu?"

"Mama yako akanifuata nyuma ya tanuri. Hakuniambia pole. Akafungua leso yake kichwani, akanifunga kama anafunga mtoto. Nikamwambia, Naeema, na wewe je? Huko nje kuna wanaume, kuna kamera. Akasema, mimi nywele ninazo, wewe huna. Basi wewe ndiye wa kufunikwa. Akatoka nje hivyo hivyo, kichwa wazi, hata kitambaa chao hakungoja."

Rehma alisikia ukumbi mzima ukiwa mbali.

"Mtu akapeleka maneno Kaloleni," Amolo aliendelea. "Ati mke wa Seif ameonekana kichwa wazi mbele ya watu. Baba yako akakasirika, na hakuambiwa sababu. Mimi nilitaka kwenda kumweleza. Naeema akanikataza. Akasema aibu ya mwenzangu haiwezi kuwa dawa ya ugomvi wangu. Halafu homa ikamchukua."

Basi hilo ndilo lilikuwa jibu ambalo Mzee Seif alikwenda nalo, na kumbe hakuwa nalo. Rehma aliwaza hivyo, lakini wazo hilo halikudumu, kwa maana lingine lilikuwa limelisukuma: mwanamke wa kichwa wazi. Mzigo wa kuni. *Ondoka wewe. Toka mbele.* Mama yake alikuwa amesimama mbele yake kwa muda wote ule, naye alikuwa akimfukuza.

Ukutani kulikuwa kumekwisha kutokea kichwa cha paka wa rangi ya machungwa, na watoto walikuwa wakishangilia. Rehma hakuwa mtu wa kusumbua watu. Hata mahamri yake yalipochelewa kulipiwa, alingoja. Lakini sasa alijikuta amesimama wima, na mwanga wa projekta ukampiga, kivuli chake kikamfunika paka.

"Bi. Nakhungu," alisema. "Naomba tuione tena ile ya samaki."

"Aaaah!" watoto wakapaza sauti kwa pamoja. Msichana mmoja wa safu ya mbele akaongeza kwa uchungu, "Lakini samaki wenyewe wameshaiva!"

"Mama Rayyan," alisema Bi. Nakhungu taratibu, "wengine nao wana zamu yao. Kwani hukumwona?"

"Nilimtazama mtu mwingine." Rehma akauonyesha ukuta kwa kidole. "Mama yangu yumo humo ndani. Sijapata kumwona maishani mwangu. Alipita mbele ya kamera na mimi nikamwambia atoke, kwa sababu sikumjua. Kesho filamu inarudi Nairobi. Naomba mnirudishie apite tena."

Hata wale wa viwiko waliacha kusukumana. Kisha kutoka nyuma ikasikika sauti ya Robinson.

"Madam, rudisha. Hao wa katuni hawazeeki, watangoja."

Msichana wa mbele akageuka kumtazama Rehma kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anayepima ukubwa wa hasara. "Ni mama yako kweli?"

"Kweli, mjukuu wangu."

"Basi sawa. Lakini mara moja tu."

Bi. Nakhungu alikuwa amekwisha kuinamia kompyuta. "Ruhusa tuliyopewa ni ya Jumamosi hii," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Hawakusema mara ngapi."

"Na ile sheria ya kunyamaza?" Amolo akauliza. "Mimi nimekuja hapa na masikio tu."

"Safari hii Mama Rayyan atatangaza, na kwa sauti. Atakayemnyamazisha atashuka ngazi."

"Hapo nimesemwa mimi," Robinson alisema, na watu wakacheka, lakini kicheko hiki hakikumchoma mtu.

Ziwa likarudi. Rehma alibaki amesimama nyuma ya kiti cha Amolo, mkono begani pake, akaeleza. Alieleza mashua, alieleza vikapu, alieleza afisa na fimbo yake. Mwanzoni maneno yalimtoka kwa haya; kisha yakapata mwendo. Amolo alimjibu kwa habari zao: yule mwenye fimbo alipenda uji, yule wa mashua ya pili alikuja kuzama karibu na Luanda Kotieno, Mungu amrehemu. Watoto nao wakaanza kusaidia, wakionyesha kwa vidole yale ambayo Rehma aliyaruka. Tanuri lilipotokea, ukumbi mzima ukasema kwa pamoja, "Wakhisi!"

Wanawake wakajitokeza. Rehma akauona uso mwembamba chini ya leso ya korosho, akaupita kwa upendo, akangoja.

"Anakuja!" msichana wa mbele akapiga kelele. "Yule hana kitambaa! Mwenye kuni!"

Naeema akaingia kutoka upande wa kushoto, nywele zake juani, mzigo wa kuni mikononi, akitembea haraka kama mtu mwenye kazi nyingine inayomngoja. Akasimama, mgongo kwa kamera. Akatua kuni.

"Amesimama mbele yako, Mama," Rehma alisema. "Ameinua mikono. Anakushika kichwani. Leso ilikuwa imelegea upande wa sikio, anaichomeka."

"Ilikuwa inateleza," alinong'ona Amolo. "Kichwa bila nywele kinateleza."

"Anakwambia kitu."

"Aliniambia nisiangalie chini. Alisema samaki ndio walikufa, si mimi."

Kisha Naeema akageuka. Bwana wa kamera lazima alimkemea kwa kumzibia, kwa maana alimtazama moja kwa moja, kwa nukta moja, kabla ya kuokota kuni zake na kupita. Na katika nukta hiyo unyusi wake wa kushoto ulipanda juu peke yake, mwingine ukabaki pale pale.

"Hapo!" Rehma alilia. "Hapo, hapo!"

Bi. Nakhungu akaisimamisha filamu, akairudisha kidogo, akaisimamisha tena. Uso ukakaa ukutani, mkubwa kama mlango. Haukuwa mrefu wala wa kadiri, haukuwa mweupe wala maji ya kunde. Ulikuwa uso wa msichana mwenye jasho, aliyechoka na moshi, mdomo umekaribia kucheka, na unyusi mmoja juu, akimbishia ulimwengu wote.

Robinson akasema polepole, "Mama, ni ile nyusi. Ni ile ile uliyonipiga nayo."

Rehma alicheka na kulia kwa mpigo mmoja. Aliinua mkono wake, akaugusa unyusi wake mwenyewe, kama mtu anayehakikisha kwamba hajaupoteza njiani. Alitamani mama yake wa kambo angekuwa hai, si kwa kumsuta, bali kwa kumjibu tu lile swali. Robinson akaja mbele na simu yake, akapiga picha, akaikagua, akapiga nyingine.

"Nitakutumia," alisema. Alipokiona kile kisimu kidogo cha vitufe mkononi mwa Rehma, akajikuna kichwa. "Ama nitakutolea kwa karatasi. Karatasi nzuri, isiyoogopa maji."

Filamu ikaendelea mbele hadi lori na vikapu, na watoto wakarudishiwa paka wao. Rehma na Amolo hawakuondoka. Walikaa katika safu ya nyuma kabisa, rangi za katuni zikiwachezea usoni, wakingoja Robinson amalize kutazama ili awarudishe Dunga.

"Kwa hiyo alicheka?" Amolo aliuliza.

"Alikaribia kucheka."

"Alikuwa hivyo. Alikaribia, halafu anakwenda kucheka mahali pengine." Vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua upindo wa gauni lake. "Na mimi je, nyar Naeema? Walisema watarudi kutuonyesha. Miaka hii yote sikujiona. Nilikuwa naonekanaje? Kama kituko?"

Ukutani paka alikuwa akikimbizwa na watoto walikuwa wakipiga mayowe. Rehma hakuhitaji kuutazama ukuta. Yule msichana wa leso ya korosho Rehma alimjua kuanzia utosini hadi vidoleni. Alikuwa amemtazama mara ya kwanza kwa macho ambayo mtoto humtazamia mama yake, na macho hayo hayasahau.

Akausogeza mdomo wake karibu na sikio la Amolo, akavua mtandio wake kutoka begani na kumfunika nao mabega, kwa maana hewa ya ukumbi ilikuwa imeanza kupoa.

"Ulikuwa na uso mwembamba," alianza, taratibu, bila haraka ya kumaliza. "Macho yako yalikuwa makubwa, na kila kamera ilipokuja uliyainamisha. Una mwanya hapa juu."

"Bado ninao," alisema Amolo.

"Leso ilikupendeza mno. Moshi ulipokujia ulifumba jicho moja, hivi, la kulia, ukalipangusa kwa kiwiko. Na ulipomgeuza samaki…"

"Nilimgeuza vipi?"

"Ngoja, Mama," alisema Rehma. "Nitafika hapo."